Nani Atasema "Fumua"? Kupima Mwongozo wa Ushonaji kwa Anayejifunza Peke Yake, Kilwa na Pwani ya Lindi



Nimepewa kuzungumzia namna ya kutambua kama mwongozo wa kuanzia kushona unamfaa mtu anayejifunza bila mwalimu. Kilwa Masoko tuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, Lindi mjini tuna VETA, na mwenye nafasi ya kwenda huko namshauri aende. Lakini ukiacha barabara kuu ukaingia vijijini, au ukavuka maji kwenda Songo Songo, utakuta nyumba zenye cherehani iliyorithiwa au kununuliwa kwa fedha za kikundi, na mwenye nayo hana njia ya kuingia darasani. Nauli haipo, watoto wadogo hawana wa kuachiwa, na msimu wa ufuta ukifika hata mwenye nia huacha. Huyo ndiye msomaji ninayemfikiria. Mwongozo akiupata atausoma peke yake, na akikosea hakuna atakayeliona kosa lake.

Tuangalie kwanza anachokipata aliyekwenda kwa fundi. Ushonaji pwani hii ni mkubwa kuliko vitabu vyake. Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kilwa Kisiwani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alikuta vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati kwa ajili ya kusokotea uzi. Sidhani kama msokotaji alisomewa maelezo. Na mpaka leo barazani kwa fundi mwanafunzi haelezwi mengi. Anafagia, anatia vifungo, anapiga bandi, kisha siku moja anaachiwa cherehani. Fundi anauchukua mshono, anauvuta kwa vidole viwili, anaugeuza upande wa ndani, halafu anasema neno moja tu: "Fumua." Mwanafunzi anafumua, anarudia, anaambiwa tena. Akishafumua vya kutosha, siku moja anaufumua mwenyewe kabla fundi hajainua macho. Hapo amehitimu, hata kama hana cheti.

Msimamo wangu unatoka hapo. Mwongozo wa anayejifunza peke yake usipimwe kwanza kwa uzuri wa picha wala kwa wingi wa mitindo iliyomo. Upimwe kwa swali hili: je, unamwezesha msomaji kuliona kosa lake, kulijua limetoka wapi, na kuamua kufumua? Miongozo mingi niliyopitia inaeleza vizuri sana jinsi kazi inavyokwenda ikienda sawa, na makosa yanawekwa ukurasa wa mwisho kama kiambatisho.

Kosa la kupimia

Kuna kosa moja ninalolitumia kama kipimo, kwa kuwa karibu kila anayeanza hulipata: mshono unaonekana safi kwa juu, lakini chini ya kitambaa uzi umejaa vitanzi na mafundo. Anayeanza huona uchafu uko chini, basi hulaumu bobini. Huitoa, huirudisha, hukaza kiskurubu chake, na mambo huzidi kuharibika. Kumbe mara nyingi tatizo liko juu. Uzi wa juu haukuingia katikati ya vile visahani viwili vya kuukazia, kwa hiyo unalegea na kuvutwa chini kuliko inavyotakiwa. Na mara nyingi haukuingia kwa sababu aliupitisha huku mguu wa kukandamiza kitambaa umeteremshwa. Visahani vikawa vimebana, uzi ukalala ukingoni mwake.

Fungua mwongozo wowote ulioletewa, utafute kosa hilo. Usipolikuta kabisa, urudishe. Ukikuta limeandikwa "rekebisha mkazo wa uzi" na basi, huo umeandikwa kumkumbusha anayejua. Unaofaa utamwambia msomaji ageuze kitambaa kila baada ya mshono wa kwanza, utamwonyesha vitanzi vinavyofanana, utasema wazi kwamba vitanzi vya chini husababishwa na uzi wa juu, na utamwagiza autoe uzi wote, ainue mguu, aupitishe upya kabla hajagusa skurubu yoyote. Mpangilio wa hatua hizo ndio mafunzo yenyewe. Skurubu ni ya mwisho.

Cherehani gani?

Vitabu vingi vinavyoingia nchini vimeandikwa kwa ajili ya cherehani ya umeme. Huku kwetu msomaji ana Singer ya zamani au Butterfly ya kukanyaga. Tofauti inaonekana ndogo mpaka mtu akae kwenye kiti.

Kwenye cherehani nyingi mpya za nyumbani, uzi hupita tundu la sindano kutoka mbele kwenda nyuma. Butterfly ya kukanyaga hupitishwa kwa ubavuni. Msomaji akifuata picha ya cherehani ya umeme ataweka sindano imegeuka, mishono itaruka, na ataamini cherehani imekufa. Mwongozo mzuri humpa kanuni isiyotegemea chapa: sindano ina mfereji mrefu upande mmoja, na uzi huingilia upande wa mfereji huo. Apapase kwa ukucha, atausikia.

Kisha kuna kukanyaga kwenyewe. Gurudumu la juu linapaswa kuzunguka likimjia mshonaji. Likirudi nyuma, uzi hujisokota na kukatika. Hili halisomwi likaeleweka, linazoeshwa na miguu. Kwa hiyo mwongozo unaoanza na uzi siku ya kwanza umeharakisha. Aanze bila uzi, kwenye karatasi ya daftari, sindano ikitoboa juu ya mistari iliyochapwa. Mistari ya daftari itamwambia bila huruma kama mkono wake umepinda.

Mkanda wa ngozi hulegea na kuteleza, hukatwa kidogo na kuunganishwa tena. Chumvi ya bahari hula chuma, na mwenye cherehani akikosa mafuta yake hutia ya kupikia, ambayo baadaye hugeuka gundi. Kitabu kisichotaja mambo haya hakijawahi kukaa Kilwa Kivinje.

Kitambaa cha kwanza

Miongozo ya nje hupenda kuanza na mfuko wa bega au foronya yenye zipu. Ningeanza na kanga. Doti huja ikiwa vipande viwili vilivyoungana. Hukatwa katikati, na ncha zilizokatwa hupindwa ili zisifumuke. Kingo ndefu zimekwishafungwa na kiwanda. Anayeanza, basi, ana mshono mfupi, ulionyooka, kwenye kitambaa chepesi cha pamba, na jirani yuko tayari kumlipa chochote kwa kazi hiyo. Anaweza kuanza kupata fedha ya uzi kabla hajajua kukata gauni.

Kanga ina faida nyingine ambayo waandishi wa miongozo hawajaitumia: ina maandishi. Ukikunja pindo upande usio wake, jina la kanga linakusuta. Kitenge hakina wema huo. Pande zake mbili hukaribia kufanana, na agizo la "weka uso kwa uso", linaloonekana rahisi kabisa kitabuni, humwacha msomaji akigeuza kitambaa huku na huku. Mwongozo wa kwetu umwambie atie alama ya chaki upande wa ndani kabla hajakata.

Kuhusu vipimo sitakaa sana. Futi ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na mafundi wetu wengi huzungumza kwa inchi. Kitabu kichague kimoja na kibaki nacho. Ninachokitafuta ni hesabu iliyofanywa mpaka mwisho kwa namba isiyogawanyika vizuri: kifua inchi 37, robo yake ni 9 na robo, ongeza ya kupumulia, ongeza ya mshono. Kitabu kinachotoa mfano wa 36 tu kimejirahisishia. Pia kieleze kwa nini fundi wetu huacha kitambaa cha ziada ubavuni: mwenye gauni ataongezeka mwili, na gauni litarudi kutanuliwa.

Nani apime?

Tumezoea kumpa fundi hodari mwongozo na kumwuliza maoni. Heshima yake iko palepale, lakini yeye ndiye mpimaji asiyefaa. Akisoma "shona mkono kwenye bega", mikono yake inajaza yote yaliyorukwa, na atasema kitabu ni kizuri. Mpe asiyewahi kushona, anayesoma Kiswahili cha darasa la saba. Mkalishe kwenye cherehani yake, si ya chuo. Wewe kaa kimya, na kimya hicho ni kigumu kwa sisi walimu. Andika kila anapofungua ukurasa wa nyuma, kila anapokutazama usoni, kila anapoendelea na kosa bila kujua. Mwishoni mpe kazi aliyoishona na umwulize: wapi ungefumua? Jibu lake ndilo alama ya kitabu.

Jambo jingine. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2 nchini kwa redio, kijitabu na vikundi vya kusoma pamoja. Kijitabu hakikuachwa peke yake. Wawili wanaojifunza kushona kwa kitabu kimoja, kila mmoja akikagua mshono wa mwenzake kwa ukurasa uliofunguliwa, wanaanza kupata lile jicho la fundi ingawa hakuna fundi kati yao. Mwongozo uandikwe ukijua hilo, na maswali ya kukaguana. Video za simu zinasaidia kuona mkono unavyokwenda, na vijana wanazitumia sana, ila mwalimu wa video hakosei kamwe, na kosa ndilo mwanafunzi analotaka kuliona.

Pendekezo langu kwa vyuo na wachapaji ni moja. Kila mwongozo utakaogawiwa mkoani ubanwe na kipande cha marekani chenye mishono halisi iliyoshonwa kwa uzi wa rangi: mmoja sahihi, mwingine wenye vitanzi chini, mwingine ulioruka, mwingine uliobana mpaka kitambaa kikajikunja, mwingine uliopinda. Kando ya kila mmoja pawe na namba ya ukurasa. Picha ya mshono haiwezi kuvutwa kwa vidole viwili wala kugeuzwa upande wa ndani, na kipande hiki kinaweza. Mabaki ya kitambaa yako chini ya meza ya kila fundi, na wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza wanaweza kuyashona katika wiki zao za mwanzo, wakati makosa hayo bado wanayapata bila kuyatafuta.