Vita vya Ukraine vilivyofika Igogo

Makamanda wa Nyamagana, mimi nyumbani ni Igogo na nimevua sangara miaka mitatu, haya siyasomi gazetini. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, petroli ikapanda mpaka ikavuka shilingi 3,000 kwa lita. Sasa kwetu mafuta ya injini yanakatwa kwanza, kinachobaki ndo tunagawana na tajiri. Kuna wiki nilirudi na kitoweo tu. Bei ya sangara nayo inategemea soko la Ulaya, sisi tunatajiwa tu na wakala pale mwaloni. Serikali ikatoa ruzuku ya bilioni 100 kwa Juni. Sawa. Ila mvuvi hana hata karatasi! Tuanzie hapo: tajiri na wavuvi waandikiane mgawo kabla mtumbwi haujatoka.