Kijana wa Kaskazini Akiitwa Johannesburg

Tuitazame African Leadership Academy ya Johannesburg, iliyofungua milango mwaka 2008. Kwa miaka miwili huwaandaa vijana wa Afrika nzima kwa vyuo vikuu. William Kamkwamba wa Malawi, aliyewahi kuacha shule kwa kukosa karo, alipita hapo, kisha akahitimu Dartmouth, Marekani, mwaka 2014.

Shule hiyo inamhusuje mfugaji wa Turkana au Marsabit, kaskazini mwa Kenya? Mwanawe akiitwa huko, ataacha lugha, mifugo na wazee wake akiwa bado mdogo. Kwa upande mmoja, nafasi hiyo nyumbani haipo. Kwa upande wa pili, upweke ni mzito, na wapo wasiorudi. Mimi nasema aende. Lakini sisi tuliobaki, tumemwandalia nini cha kurudia?