Petroli au Dizeli kwa Gari Dogo? Mazungumzo na Wenye Magari, Ogembo

Anayeuza Prado ili anunue Demio huuliza kwanza bei ya lita. EPRA huitangaza kila tarehe 14 ya mwezi, na mara nyingi dizeli huwa nafuu. Lakini safari zenyewe ni zipi? Demio ya dizeli ina chujio la masizi kwenye ekzosi. Hujisafisha kwa kuyachoma masizi hayo injini ikiwa moto, gari likienda mwendo mrefu bila kusimamasimama. Anayetoka nyumbani hadi soko la Ogembo na kurudi hulijaza tu, na gharama ya kulibadilisha yaweza kumeza akiba yote ya mafuta. Huyo achukue petroli. Anayekwenda Kisumu au Nairobi mara kwa mara, dizeli itamfaa. Kabla ya kulipa, fundi alikague chujio. Muuzaji asisubiriwe kulitaja.