Kupunguza Hatari ya Saratani ya Tezi Dume: Majibu Tunayotoa Kwenye Duka la Dawa



Wanaume wengi hutuuliza kama ipo dawa ya kuzuia tezi dume, na huuliza kwa sauti ya chini, wateja wengine wakishaondoka. Kwanza tujue wanaulizia nini. Tezi huvimba kwa umri na kusumbua mkojo, na uvimbe huo si saratani wala haugeuki kuwa saratani. Mimi nazungumzia saratani yenyewe, inayoongoza kwa wanaume wa Tanzania.

Dawa inayotajwa sana ni finasteride. Chimbuko lake ni utafiti uliochapishwa mwaka 1974 na Julianne Imperato-McGinley na wenzake, kuhusu watoto wa kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika, waliodhaniwa ni wasichana tangu kuzaliwa, kisha wakaota maungo ya kiume walipobalehe. Walikosa kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi, ile inayokuza tezi dume. Utu uzima wao wote tezi zao zilibaki ndogo. Finasteride hufunga kimeng'enya hichohicho.

Je, inazuia saratani? Wanaume 18,882 wa miaka 55 na zaidi waliingizwa kwenye jaribio kubwa nchini Marekani, wengine wakimeza miligramu 5 kila siku, wengine kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba waliomeza dawa walipata saratani pungufu kwa karibu robo. Hata hivyo saratani kali zilionekana zaidi kwao, asilimia 6.4 dhidi ya 5.1, na madaktari wakaogopa. Wahusika walifuatiliwa miaka mingi baadaye, ikaonekana dawa haikuongeza vifo. Wala haikuthibitika kuvipunguza, kwa kuwa nyingi ya saratani ilizozuia ni za mwendo wa polepole, ambazo mzee huishi nazo hadi afe kwa sababu nyingine. Dawa hii pia huwapunguzia baadhi ya wanaume nguvu na hamu ya tendo la ndoa. Kwa maoni yangu, asiye na shida ya mkojo asiimeze kama kinga bila kukaa na daktari wake, hasa kama baba au kaka yake aliwahi kuugua.

Linaloniuma zaidi ni vidonge vya vitamini tunavyouza kwa jina la kinga ya wanaume. Wanaume zaidi ya 35,000 walijaribiwa kwa vitamini E na seleniamu. Jaribio lilisimamishwa mwaka 2008 kwa kukosa faida, na mwaka 2011 ikabainika kwamba waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani hii zaidi kwa asilimia 17. Mteja analipa fedha yake ili ajiongezee hatari! Tuache kuvisifia.

Upande wa maisha ya kila siku, tuseme ukweli ulivyo. Nyanya zilizopikwa ni chakula kizuri, lakini hazijathibitika kuwa kinga. Uzito uliopitiliza huendana na saratani iliyo kali, na wavuta sigara hufa zaidi kwa ugonjwa huu. Katika utafiti mmoja wa wagonjwa wa Marekani, waliotembea kwa haraka saa tatu au zaidi kwa wiki walikuwa na hatari ndogo zaidi ya ugonjwa kusonga mbele kuliko waliotembea polepole kwa muda mfupi. Kwa hiyo kuacha sigara na kupunguza kitambi ndiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla ya kidonge chochote.

Jambo moja lisitupite. Finasteride ikitumika miezi sita hadi mwaka, hushusha kwa takriban nusu PSA, kipimo cha damu kinachotumika kuchunguza saratani hii. Mgonjwa akipewa jibu la 3, daktari asiyejua kwamba anatumia dawa hiyo atamruhusu aende nyumbani, wakati hesabu yake halisi inakaribia 6. Kila tunapotoa finasteride, tuandike jina lake na tarehe ya kuanza kwenye kadi ya mgonjwa, na tumwambie aionyeshe kila anapokwenda kupima.