Ruzuku ni Amana

Wasikilizaji wetu wa Singida, ruzuku si deni, lakini ni amana yenye hesabu. Serikali ilipoasisi vyuo vya maendeleo ya wananchi mwaka 1975, ikisaidiwa na Uswidi kwa fedha na kwa mfano wa vyuo vyake vya wananchi, ilikusudia kwamba hata asiyebahatika kusoma sekondari apate ujuzi wa kumfaa maishani. Na vyuo vya Singida na Msingi ni miongoni mwa tunu hizo. Ila mfadhili ana muhula wake, na randa isiyonolewa hailainishi ubao. Hivyo yatupasa, tangu siku ya kupokea zana za ruzuku kwa vyuo hivyo, tutenge fedha zetu za matengenezo. Na ili tunu hizi zitumike, wazazi, nendeni vyuoni mkaulizie nafasi, mabinti wasiachwe nyuma.