Taarifa Zako za Mikopo Zinasema Nini?

Msikilizaji wa Bunju, wengi huamini kuwa kumbukumbu za mikopo ni orodha ya wadaiwa sugu tu. Sivyo. Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 2006 iliweka msingi wa kanzidata ya taarifa za mikopo, na kampuni zenye leseni, kama Creditinfo Tanzania, huandaa ripoti ambayo mkopeshaji huisoma kabla ya kukupa fedha. Humo mna kiasi ulichokopa, deni lililobaki na rejesho lililochelewa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bunju B anayelipa kila rejesho kwa tarehe yake anajijengea jina, hata kama mkopo wenyewe ni mdogo.

Wapo wanaosema, "Sijawahi kukopa, niko salama." Kweli hudaiwi, lakini benki haina pa kukupimia, na ndipo inapotaka hati ya kiwanja. Wengine hulalamika kwamba mfumo unawaonea wanyonge. Lalamiko hili ni zito, kwa sababu marejesho ya VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, yanayolipwa kwa uaminifu mkubwa, mara nyingi hayafiki kwenye ripoti. Hata hivyo, kuukwepa mfumo humsukuma mtu kwenye mikopo ya kausha damu, yaani ya riba kubwa, ambako haitazamwi historia yake bali friji na televisheni yake kama dhamana. Mkopo wa simu uliousahau nao unaweza kukuharibia jina. Omba ripoti yako, isome, na ukikuta deni ulilokwisha kulipa, peleka risiti udai lirekebishwe.