Nyumba Yenye Shamba Kubwa: Neema na Mzigo Wake

 

Leo tunazungumzia jambo linaloleta mashauri mengi kituoni: kumiliki nyumba iliyozungukwa na ardhi kubwa. Sisi polisi hatuamui ardhi ni ya nani. Hiyo ni kazi ya mahakama. Lakini ugomvi wa shamba unapofikia mapanga, sisi ndio tunaoitwa, na mara nyingine tunafika damu imekwisha kumwagika.

Neema za ardhi kubwa hazifichiki. Mwenye ekari kumi hupanda muhogo na mahindi, hufuga ng'ombe pasipo kuomba malisho, na watoto wake wana pa kujenga. Karo ikimlemea, hukodisha kipande badala ya kuuza. Tena Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema kuwa ardhi ni mali ya wananchi, na inatambua umiliki wa kimila.

Hata hivyo, macho ya mtu mmoja hayaenei ekari kumi. Hapa mpakani, kichaka kisichofyekwa huwa ghala la mwenye magendo na maficho ya mwizi wa ng'ombe. Tunamkumbuka mzee mmoja ambaye magunia ya bidhaa za magendo yalikutwa mwisho wa shamba lake, mahali ambapo hakuwa amekanyaga kwa miezi. Alishinda kituoni akijieleza, mpaka majirani walipokuja kumtetea. Laiti angalikuwa na desturi ya kulizungukia shamba lake, asingalifikwa na fedheha ile.

Mzigo wa pili ni kutokuwapo. Wako wenye ardhi wanaoishi mjini, nao huacha nyumba na shamba bila mlinzi. Sheria inaweka muda wa miaka 12 wa kudai ardhi mahakamani. Anayenyamaza muda huo wote, huku mwingine akiikalia kama yake, anaweza kupoteza haki ya kuidai.

Mzigo wa tatu umo ndani ya nyumba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inakataza kuuza ardhi ambayo familia inaishi na kupata riziki yake pasipo idhini ya mume au mke. Mauzo yanayofanywa kwa siri usiku, mama akiwa amelala, hayana nguvu. Mnunuzi hupoteza fedha, na familia hupoteza amani.

Kwa kuwa ukoo mmoja hukaa pande zote mbili za mpaka, tunawakumbusha jambo la nne. Asiye raia wa Uganda hawezi kumiliki ardhi hapa moja kwa moja. Anaruhusiwa kuikodi kwa muda usiozidi miaka 99. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo imeweka kikomo hicho hicho kwa asiye raia wake. Undugu ni jambo jema, lakini hauchukui nafasi ya uraia.

Basi tufanye nini? Tunawashauri mfyeke vichaka vilivyo karibu na nyumba. Pandeni miti ya mpakani au wekeni mawe mbele ya majirani na Mwenyekiti wa LC1, kisha mwandike. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kung'oa alama ya mpaka kwa nia ya kudhulumu ni kosa la jinai, nasi hatutalifumbia macho.

Na ninyi wazee wetu, tunawasihi kwa heshima: waonyesheni watoto mipaka mkiwa hai, wa kiume na wa kike pamoja, na mseme mjane atabaki wapi. Neno lenu moja leo linaweza kuzuia kaka asimwinulie mdogo wake panga kesho, baada ya matanga.

Mkiona dalili za ugomvi, msingojee mapigano. Njoni katika ofisi yetu ya uhusiano na jamii, au pigeni simu 999. Kuja kwetu mapema si kumshitaki ndugu, ni kumwokoa.